Rekodi za Medicaid zinapita 999 na 277CA, kisha jimbo linazikataa: tuanzie wapi?

Karani_wa_Madai

Wakuu, habari za kazi. Nauliza wanaoshughulika na rekodi za huduma za Medicaid (bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wenye kipato kidogo) kwenye mipango ya bima, zile ambazo kazini kila mtu huziita enkaunta.

Hali iko hivi. Mpango unatuma jimboni mafaili ya 837P (huduma za madaktari) na 837I (huduma za hospitali) kila wiki. 999, jibu la kwanza la kupokea faili, inarudi safi. 277CA, jibu la pili linalohusu madai, inarudi na dosari chache tu. Baada ya siku kadhaa jimbo linaleta ripoti yake, na humo katika kila rekodi mia, kama kumi na tano zimekataliwa. Sababu zinazojirudia ni nne: hesabu ya malipo haifungi, mtoa huduma hayumo kwenye daftari la jimbo, rekodi imejirudia, na rekodi ya kubadilisha haioni rekodi ya awali. Juu ya hapo kuna kliniki zinazolipwa kapitesheni, yaani kiasi maalumu kwa kila mwanachama na si kwa kila huduma. Rekodi zake zina malipo ya dola sifuri, mfumo unazihesabu kama madai yaliyokataliwa, kwa hiyo haziendi jimboni kabisa.

Kipi kirekebishwe kwanza? Sifuri ya kapitesheni inaandikwaje? Na dawa za sindano zinazotolewa kliniki zina mtego gani? Jimbo limeandika barua kuhusu NDC, namba ya utambulisho wa dawa.

Tafadhali msibandike data za wagonjwa halisi hapa. Mifano ya kubuni inatosha.

---

Fundi837

Karani, 999 inapima sarufi tu. Inakwambia faili limeandikwa kwa mpangilio wa X12 toleo la 5010, basi. 277CA inasogea hatua moja: inatazama dai moja moja kabla halijaingia kwenye mfumo. Ripoti ya tatu ya jimbo ndiyo inayolinganisha rekodi na daftari la wanachama, daftari la watoa huduma, na rekodi zilizokwisha kuingia. Kwa hiyo msishangae majibu mawili ya kwanza kuwa safi na la tatu kuwa jekundu.

Kwenye hesabu, kumbuka rekodi moja ina maelezo ya watu wawili. Daktari anaeleza alifanya nini, lini, kwa ugonjwa gani na alidai kiasi gani. Mpango unaeleza ulilipa kiasi gani, ulikata nini, kwa sababu gani na tarehe gani. Maelezo ya daktari yabaki kama yalivyokuwa kwenye dai la asili. Ya mpango yanaingia kwenye lupu (sehemu za faili) za 2320, 2330B na 2430, ambamo katika majimbo mengi mpango hujitambulisha kama mlipaji aliyelitangulia jimbo. Hesabu nyingi hazifungi kwa sababu mfumo wa mpango umeandika juu ya maneno ya daktari: kiasi alichodai kimetupwa, kimebaki kile kilichokubaliwa.

Mfano wa mstari mmoja wa 99213, msimbo wa ziara kwa daktari. Daktari kadai dola 150.00. Bei ya mkataba ikapunguza 54.60, mgonjwa akachangia 3.00, mpango ukalipa 92.40. Iandikwe hivi (SV1 ni dai la daktari, SVD malipo ya mpango, CAS makato, DTP tarehe ya malipo):

SV1\*HC:99213\*150\*UN\*1\*\*\*1~
SVD\*MPANGO01\*92.4\*HC:99213\*\*1~
CAS\*CO\*45\*54.6~
CAS\*PR\*3\*3~
DTP\*573\*D8\*20240318~

92.40 + 54.60 + 3.00 = 150.00. Ikipungua hata senti moja, inarudi. Ile MPANGO01 kwenye SVD01 lazima ifanane herufi kwa herufi na kitambulisho kilichoko kwenye NM109 ya lupu 2330B, la sivyo jimbo linaona malipo ya mlipaji asiyejulikana. Halafu AMT\*D ya lupu 2320, yaani jumla iliyolipwa na mpango, iwe sawa na jumla ya SVD02 zote, ukitoa makato yaliyowekwa kwenye ngazi ya dai zima. Kosa la kawaida ni kuandika kato lile lile mara mbili, juu kwenye dai na chini kwenye mstari.

Riba ya kuchelewa kumlipa daktari ni mtego mwingine. Mfumo wa fedha unaijumlisha kwenye cheki, hivyo "kilicholipwa" kinazidi bei ya huduma. Msimbo wa makato 225 uliwekwa mahususi kwa riba na faini kwenye rekodi za aina hii. Soma mwongozo wa jimbo lenu kama linautaka huo au linataka riba iachwe nje kabisa.

Mpango ukiunganisha mistari, mfano vipimo vitatu vya maabara vikalipwa kama kimoja, usifute mistari miwili. Iache yote mitatu, weka msimbo uliolipwa kwenye SVD03, na namba ya mstari uliobeba malipo kwenye SVD06.

Sasa rekodi za kubadilisha. CLM05-3, nafasi inayoonyesha aina ya rekodi, ni 1 kwa rekodi mpya, 7 kwa kubadilisha, 8 kwa kufuta. 7 na 8 hazifanyi kazi bila REF\*F8 yenye namba ya rekodi inayobadilishwa. Majimbo mengi yanataka hapo namba waliyoitoa wao kwenye ripoti yao, si namba ya dai ya mpango. Mkiwa hamuihifadhi namba hiyo pindi ripoti inaporudi, hamna cha kuandika. Na kama rekodi imebadilishwa mara mbili, 7 ya tatu inaelekezwa kwa ile ya mwisho iliyokubaliwa. Kama ile ya kwanza ilikataliwa, jimboni haipo: tuma upya kwa 1. Hapo ndipo "imejirudia" na "haioni rekodi ya awali" huzaliwa, mara nyingi kutoka kwenye dai lile lile.

Kwa kapitesheni: malipo 0, CAS\*CO\*24\*150, na CN1\*05 kuonyesha kwamba huduma iko ndani ya mkataba wa kapitesheni. Majimbo mengine yanataka badala ya sifuri uweke bei ambayo huduma ingelipwa kama si kapitesheni. Mfumo usitambue dai lililokataliwa kwa kuangalia kiasi. Utazame hali ya dai na sababu ya kato.

Ningeanza na hesabu, kisha 7 na 8.

---

Mtakwimu_Bima

Fundi kaeleza vizuri ila kwenye mpangilio wa kazi sikubaliani naye. Anza na zile za sifuri. Rekodi iliyokataliwa inaonekana kwenye ripoti na kuna mtu ataifuatilia. Isiyotumwa haimo kwenye ripoti yoyote, na hakuna atakayeiulizia mpaka bei za mwaka ujao zimeshapangwa.

Jimbo linalipa mpango kiasi fulani kwa kila mwanachama kwa mwezi. Kanuni ya shirikisho ya 42 CFR 438.5(c) inalitaka jimbo limpe mtakwimu anayepanga bei hizo data za angalau miaka mitatu iliyo karibu na iliyokamilika, na data za enkaunta zimo. Kliniki za kapitesheni zikikosekana, wanachama wake wanaonekana wazima wasiomwona daktari. Majimbo yanayotumia mfumo kama CDPS kupima uzito wa maradhi huchukua misimbo ya magonjwa humo humo. Mgonjwa wa kisukari na figo ambaye rekodi zake zote ni za sifuri na hazikutumwa anahesabiwa kama mtu mwenye afya, na fungu la mpango linapungua kuelekea kwa mpango mwingine uliotuma zake.

Kuhusu misimbo hiyo hiyo ya magonjwa, kagua ghala la data lenu. 837P inabeba hadi misimbo 12 kwa dai, na kila mstari unaelekeza hadi minne kati yake. 837I inabeba mkuu na mingine hadi 24. Kuna maghala yaliyojengwa zamani yenye nafasi nne au tisa tu, na faili la enkaunta linachotwa humo badala ya kwenye dai la asili. Jimbo halitaikataa rekodi ya namna hiyo. Itapita kila kizuizi ikiwa imekatwa mkia. Jaribio ni rahisi: chora idadi ya misimbo kwa kila dai lililopokelewa na kwa kila rekodi iliyotumwa. Mchoro wa pili ukisimama ghafla kwenye namba fulani kama ukuta, umepata tatizo.

---

Bi_Dirisha_la_Dawa

Nijibu la dawa, maana barua ya jimbo kuhusu NDC huwa nyuma yake kuna fedha.

Tangu sheria ya afya ya 2010, watengenezaji wa dawa wanatakiwa kulirudishia jimbo sehemu ya bei hata kwa dawa zilizolipiwa na mipango ya bima, si zile tu jimbo lililozilipia lenyewe. Kwa dawa nyingi zenye jina la kampuni kima cha chini ni asilimia 23.1 ya bei ya wastani ya mtengenezaji, na kwa zisizo na jina asilimia 13. Jimbo linapeleka hesabu ya matumizi ndani ya siku 60 baada ya kila robo mwaka kuisha. Hesabu hiyo inatoka kwenye enkaunta zenu. NDC ikikosekana au ikikosewa, jimbo halina cha kudai.

Dawa zinazotoka duka la dawa zinakuja kwa muundo wa NCPDP na NDC imo tangu mwanzo. Shida iko kwa dawa za kliniki, zinazoandikwa kwa misimbo ya J. Hapo NDC inawekwa lupu 2410, LIN yenye N4 na tarakimu 11 bila vistari, na CTP yenye kiasi na kipimo: UN, ML, GR, ME au F2.

Kwenye pakiti namba ina tarakimu 10, katika mpangilio wa 4-4-2, 5-3-2 au 5-4-1. Ili ifike 11 katika 5-4-2, sifuri inaongezwa mbele ya kipande kilichopungua. 1234-5678-90 inakuwa 01234567890. 12345-678-90 inakuwa 12345067890. Programu inayobandika sifuri mwanzoni kwa kila namba inaharibu aina mbili kati ya tatu, na namba inayotoka inaweza kabisa kuwa ya dawa nyingine.

Kosa kubwa kuliko hilo ni kunakili vipimo. Chukua seftriaksoni. J0696 inahesabiwa kwa kila miligramu 250, hivyo kichupa kimoja cha gramu 1 ni vipimo 4 upande wa msimbo wa J. Upande wa NDC ni kichupa kimoja cha unga: UN 1. Programu ikinakili ile 4 kwenda CTP, jimbo linamdai mtengenezaji vichupa vinne. Mtengenezaji anapinga, jimbo linafungua jalada, na mwisho barua inakuja kwenu.

Pia angalieni dawa za 340B, zile zilizonunuliwa na kliniki kwa bei iliyopunguzwa tayari. Mtengenezaji halazimiki kupunguza mara mbili, kwa hiyo rekodi lazima ionyeshe. Majimbo kadhaa hutumia modifaya UD, alama ya nyongeza kwenye msimbo wa huduma. Kliniki ikiiweka halafu mfumo wenu ukaitupa kwa sababu haibadilishi bei, mmesababisha mgogoro ambao haukuwepo.

---

Karani_wa_Madai

Shukrani sana dada, barua sasa inaeleweka. CTP yetu kweli inachukua kiasi kutoka SV104, penye vipimo vya msimbo wa J. Mkuu Fundi, na hili la watoa huduma? NPI (namba za kitaifa za watoa huduma) zote zinapita kipimo cha tarakimu ya mwisho lakini jimbo linasema hawapo.

---

Zamu_ya_Usiku

Tarakimu ya mwisho inathibitisha kwamba NPI haikukosewa kuandikwa. Haisemi kwamba mwenye nayo kajiandikisha jimboni. Tangu 1 Januari 2018 sheria ya shirikisho inawataka watoa huduma walio kwenye mtandao wa mipango ya Medicaid wajiandikishe pia na jimbo lenyewe. Kuwa na mkataba na mpango hakutoshi.

Hata aliyejiandikisha anaweza kukataliwa, kwa sababu majimbo mengi hayatafuti kwa NPI peke yake. Yanaunganisha NPI, taksonomia (msimbo wa fani ya mtoa huduma) na ZIP (msimbo wa posta) ya tarakimu tisa. Hospitali moja yenye NPI moja inaweza kuwa na usajili kadhaa: wagonjwa wa kulazwa, maabara, afya ya akili. Taksonomia ikiachwa wazi, mfumo wa jimbo unachagua wenyewe au unakataa. Pakueni daftari la watoa huduma la jimbo kila wiki na mlilinganishe kabla ya kutuma, kwa tarehe ya huduma, siyo tarehe ya leo. Mtu aliyeondoka mwezi uliopita alikuwa halali kwa huduma ya mwezi juzi.

Anwani ya mtoaji dai kwenye lupu 2010AA haikubali sanduku la posta. Sanduku linakaa 2010AB, penye anwani ya kupokea malipo.

Madereva wa kupeleka wagonjwa kliniki si watoa tiba, kwa hiyo wengi hawana NPI na hawastahili kuwa nayo. Kwao inatumika namba ya usajili waliyopewa na jimbo, REF\*G2 kwenye lupu 2010BB. Mkandarasi wa usafiri akijaza NPI ya mpango kwa madereva wote ili faili lipite, litapita, na baadaye wakaguzi wataona dereva mmoja aliyesafirisha watu elfu kwa siku.

Watoto wachanga nao wanakataliwa sana, na hili halikutajwa. Mtoto anazaliwa leo, namba yake ya Medicaid inatoka baada ya wiki kadhaa, hospitali inadai kwa namba ya mama. Jimbo linaona mwanamke mzima kwenye msimbo wa mtoto mchanga. Dawa yake ni foleni ya kusubiri: rekodi ishikiliwe mpaka namba ya mtoto ije kwenye faili la wanachama la 834, kisha ibadilishwe na kutumwa. Msisahau uzito wa kuzaliwa kwa gramu, msimbo wa thamani 54 kwenye 837I, kwa sababu unaamua kundi la malipo la hospitali.

---

Mdau_Dar

Samahani naingilia. Huku kwetu Tanzania kituo kinatuma madai NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya), NHIF inalipa, imekwisha. Huko mpango umeshalipa daktari, kwa nini tena rekodi itumwe jimboni? Si kazi mara mbili?

---

Fundi837

Swali zuri ndugu. Kwenu mnunuzi na mlipaji ni mmoja, dai lenyewe ndilo data. Medicaid ina mtu wa katikati. Serikali ya shirikisho inachangia fedha, jimbo linaulipa mpango kwa kichwa kwa mwezi, mpango unawalipa madaktari. Zaidi ya asilimia 70 ya wanachama wa Medicaid wako kwenye mipango ya namna hii. Bila enkaunta jimbo linajua tu kwamba lililipa. Halijui lilinunua nini.

Waliofanya kazi na vituo vya Kenya enzi za kapitesheni ya NHIF ya Kenya, kabla ya SHA iliyochukua nafasi yake kuanza Oktoba 2024, watautambua ugonjwa huu: kituo kikishapokea fedha kwa kichwa, kuandika kila mgonjwa aliyekuja hakuna anayekuona kuwa ni jambo la haraka, maana karatasi haileti shilingi zaidi.

Na jimbo nalo linabanwa na walio juu yake. Kila mwezi linapeleka data kwa serikali ya shirikisho kupitia mfumo wa T-MSIS, yakiwemo mafaili ya wanachama, watoa huduma, mipango, bima nyingine, na manne ya huduma, yaani kulazwa, utunzaji wa muda mrefu, dawa, na mengineyo. Humo dai lililolipwa na jimbo lenyewe hupewa aina 1, enkaunta aina 3. 42 CFR 438.818 inafunga mchango wa shirikisho na data hizo. Ndiyo maana barua za jimbo huwa kali.

---

Mtakwimu_Bima

Karani, jambo moja kabla hujarudi kazini. Usipime kazi kwa asilimia ya rekodi zilizokubaliwa. Mpango unaweza kuwa na asilimia 99 na bado theluthi ya fedha haionekani, kwa sababu asilimia hiyo inagawanywa kwa kilichotumwa.

Gawanya kwa fedha. Chukua leja ya malipo ya madai ya mwezi mmoja, tuseme Machi, kwa tarehe ya cheki. Ondoa riba, ada za usimamizi na malipo ya mkupuo yasiyofungamana na mgonjwa. Kinachobaki kilinganishe na jumla ya malipo kwenye enkaunta zilizokubaliwa zenye tarehe ya malipo ya Machi, ukiwa umeshaondoa zilizofutwa na zilizobadilishwa. Fanya hivyo kwa kila mkandarasi peke yake: dawa, meno, macho, afya ya akili, usafiri. Usikubali jumla moja ya mpango mzima. Dawa zina malipo mengi na huja kamili, hivyo zinaficha mkandarasi wa usafiri ambaye hajatuma kitu tangu Novemba.

Kwa kliniki za kapitesheni leja haisaidii. Hesabu ziara kwa kila wanachama elfu kwa mwezi, kliniki kwa kliniki. Kliniki yenye wanachama 3,000 na ziara 40 kwa mwezi haina wanachama wenye afya ya ajabu, ina karani asiyetuma.

Na mkandarasi mpe muda mfupi kuliko mliopewa na jimbo. Mkataba wa jimbo ukisema siku 30 tangu malipo, mkandarasi awe na 10, maana zikirudi zenye makosa mtahitaji zilizobaki.

Haya yote yanaishia kwenye saini. 438.606 inamtaka mkurugenzi mkuu, mkuu wa fedha, au mtu aliye chini yao moja kwa moja mwenye mamlaka ya kusaini, athibitishe kwamba data ni sahihi, kamili na za kweli kwa kadiri ya anavyojua. Na 438.602(e) inalitaka jimbo lifanye ukaguzi huru wa data hizo angalau mara moja kila miaka mitatu. Mpelekee anayesaini jedwali la ulinganisho wa fedha pamoja na fomu, siyo fomu peke yake.

---

Karani_wa_Madai

Nimeelewa. Naanza na sifuri, kisha CTP, kisha hesabu na F8. Fundi, swali dogo la mwisho: faili moja liwe na madai mangapi?

---

Fundi837

Mwongozo wa 837 unapendekeza yasizidi 5,000 ndani ya ST–SE moja, yaani fungu moja la madai ndani ya faili. Mimi ningesema weka machache zaidi mpaka mtulie, maana kosa moja la sarufi linaweza kurudisha ST–SE nzima kwenye 999, na kulitafuta ndani ya 500 ni nusu saa.